Gari Kuukuu la Matope: Neema au Balaa?

Kwa muda wa miezi mitatu sasa nyumba yangu imegawanyika mapande mawili, na kilichotugawanya si siasa wala si urithi, ni gari. Tena si gari jipya. Ni gari kuukuu la matope, lile la magurudumu manne yote kuvuta, ambalo wengi wetu huliita Landrova hata likiwa limetoka Japani. Wanangu wasema nilinunue. Mama yao hunitazama tu, na mtu aliyekaa katika ndoa miaka thelathini ajua mtazamo ule una maana gani.

Sababu yenyewe si anasa. Mamangu mzazi akaa Witu pamoja na dada yangu mkubwa, katika shamba la minazi na miembe alilotuachia marehemu baba. Barabara kubwa ya kutoka Garsen hadi Lamu zamani ilikuwa adhabu. Nakumbuka nikiwa kijana tukiteremshwa basini tulisukume, na kanzu za sikukuu zikigeuka rangi ya udongo. Siku hizi barabara hiyo ina lami, alhamdulillahi. Lakini lami haifiki mlangoni pa mamangu. Kutoka barabarani hadi shambani ni udongo mweusi, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kutia mkono na masika hugeuka gundi.

Masika yaliyopita mama alishikwa na pumzi usiku. Gari dogo la jirani lilizama matopeni hata nusu ya njia halijafika, na mama akatolewa juu ya kitanda cha kamba, mabegani mwa vijana, hadi kwenye lami. Alipona. Dada aliponipigia simu alfajiri hakulalama, alisema tu: “Ndugu yangu, safari hii Mungu ametusitiri.” Maneno hayo, “safari hii,” ndiyo yaliyonitoa nyumbani yakanipeleka kwa madalali.

Na pesa zipo, na hapo ndipo penye taabu. Zipo kwa sababu mimi na mke wangu tumeziweka kidogo kidogo kwa miaka kumi na mmoja tukitia nia ya Hija. Nilikwenda kwa shehe mmoja ninayemwamini kumwuliza lipi litangulie. Nilidhani atanifungulia kitabu. Yeye alinijibu kwa swali: “Je, una yakini kwamba gari hilo ndilo litakalomtoa mama yako?”

Ndugu msomaji, swali hilo lilinilaza macho. Maana nilikumbuka mwezi wa Novemba mwaka 2023, mvua za El Nino zilipokuja na maji yakaikata barabara hiyo hiyo ya lami maeneo ya Gamba na Lango la Simba. Mabasi yalisimama na malori yakasimama. Palikuwa na bwana mmoja mwenye gari refu la fahari, lenye bomba la pumzi limepandishwa hadi juu ya paa, naye alikaa ukingoni pamoja na mwenye kikapu cha maembe, wote wawili wakingoja mashua. Kwa hiyo siku ya gharika gari la matope si kitu. Lakini gharika haiji kila mwaka, na matope huja.

Basi nikaenda kuona. Nilionyeshwa magari mawili, na la kwanza lilikuwa Land Rover ya kweli, ile ndefu iitwayo Defender. Gari hili lina historia yake. Lilionyeshwa watu mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka 1948, wakati Uingereza imetoka vitani na chuma cha pua kinatolewa kwa kipimo, ndiyo maana bodi yake ikaundwa kwa aluminiamu. Jina la Defender lilikuja mwaka 1990, na kiwanda cha Solihull kilitoa la mwisho la aina ile ya zamani Januari 2016. Sisi Kenya tuliyazoea kwa sababu yaliunganishwa hapa hapa, Thika, na hapakuwa na bwana shamba wala mganga wa mifugo asiyelipanda.

Dalali alikuwa kijana mwenye ulimi wa asali. “Ami, tazama bodi hii, haina hata tone la kutu! Wallahi gari hili halijazeeka, limekaa tu.” Na kweli, bodi iling'aa. Lakini bodi ya aluminiamu haioti kutu nyekundu ile tuijuayo, hata ikae baharini. Kwa hiyo kuisifu kwa hilo ni kama kumsifu samaki kwa kujua kuogelea. Mifupa yake ndiyo ya chuma, yaani chasisi, na chasisi iko chini, gizani, ambako matope hujikusanya ndani yakakaa na unyevu wake. Sisi watu wa pwani tuna balaa moja ambayo wa Nairobi hawana: upepo wetu una chumvi. Na gari lililokokota maboti ufuoni au kubeba mchanga wa pwani limeoga maji ya bahari, na maji hayo hayasahau.

Babu zetu hawakununua jahazi likiwa linaelea. Walingoja maji yakauke, likae mchangani, kisha wakainama kuangalia mkuku, wakagonga ubao mmoja mmoja, wakachungulia mataruma kwa ndani, maana walijua kwamba deheni mpya inaweza kuficha ubao ulioliwa. Fundi wangu, mzee mwenzangu tuliyesoma naye chuoni, alifanya vivyo hivyo. Alitandika gunia, akalala chali chini ya gari, akaanza kugonga kwa nyundo ndogo. Mbele ikalia kama kengele. Alipofika nyuma, karibu na pale panapofungwa springi, sauti ikawa ya kibuyu kilichooza. Akagonga tena, nyundo ikaingia. Juu ya tundu lile palikuwa pamepakwa lami nyeusi nzito, mpya kabisa, inanuka. Na pale aluminiamu inapokutana na chuma, chini ya milango, palikuwa pameota unga mweupe kama chumvi, kwa kuwa madini hayo mawili yakikaa pamoja na unyevu wa bahari huliana.

“Maalim,” fundi akaniambia akiwa bado chini, “gari hili ni maiti aliyetiwa manukato.”

Dalali hakuona haya. Alisema gari la umri ule mtu hatarajii liwe bikira, na karatasi ya mauzo itasema wazi kwamba limeuzwa jinsi lilivyo. Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu maneno haya ya “jinsi lilivyo” yamekuwa kichaka. Kila aliyekaa chuoni alifunzwa kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani na vidole vikatoka na majimaji. Hakumlaumu mwenye mali kwa kunyeshewa. Alimlaumu kwa kuuweka umaji chini na ukavu juu. Katika fikihi mnunuzi ana hiari ya kurudisha kitu akiona aibu iliyofichwa, na aibu hapo si fedheha kama tunavyoitumia sisi, ni kasoro ya kitu. Kuuza gari bovu si dhambi. Kosa ni ile lami nyeusi iliyopakwa juu ya tundu.

Gari la pili lilikuwa Prado, la toleo lile lililoanza mwaka 1996, dizeli ya lita tatu, na bei yake shilingi 1,300,000. Nakiri kwamba roho ilinipenda. Viti vyake ni kama vya sebuleni, na mamangu angepanda kwa raha kuliko Land Rover, ambayo hupanda kwa magoti. Dalali akalisifu kwamba lilikuwa la daktari, halijatoka lami, na gia ndogo haijaguswa tangu lije nchini. Fundi akacheka. Kwake yeye hiyo haikuwa sifa. Vyuma vya gia ndogo visipochezeshwa hukwama, na mtu huja kulijua hilo siku ya kwanza anayozama. Kisha akafungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado baridi, akaliwasha gari, akaniambia nitazame maji. Yalichemka vipovu kama sufuria ya chai, na moto bado. Injini hii ina sifa ya kupasuka silinda hedi ikipata joto, na vipovu vile ni moshi unaopenya kuingia majini. Mita yake ilionyesha kilomita chache, lakini mita huweza kurudishwa nyuma. Kanyagio la klachi lililolika hadi chuma ndilo lililosema kweli.

Huenda mtu akasema, kwa nini usiagize moja kwa moja kutoka Japani? Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na gari la matope lenye umri chini ya huo, juu ya ushuru wake unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, si la mwandishi wa gazeti wala si la mwalimu wa shule. Kwa hiyo sisi wa mfuko mdogo tunagombania haya yaliyokwisha kukanyaga makorongo yetu.

Kuna njia ya mkopo, nayo nimeikataa. Mkopo wa riba sitaukaribia. Tangu benki za Kiislamu zilipofungua milango nchini mwaka 2008, ziko njia za benki kununua kitu na kukuuzia kwa faida iliyotajwa, na sizipingi. Lakini gari kuukuu ni mkopo wenyewe. Leo springi, kesho pampu, na kila tarehe 14 ya mwezi unakaa kusikia bei ya mafuta imetangazwa vipi. Mwenye kulinunua kwa senti yake ya mwisho amenunua pambo la uani. Rai yangu ni kwamba asiyeweza kubakiza theluthi ya bei yake mfukoni kwa ajili ya fundi, asilinunue.

Na wale wanaolitaka kwa kwenda nalo harusini na kulisimamisha mbele ya baraza, sina la kuwaambia ila kwamba vichochoro vya Mji wa Kale havikukatwa kwa kipimo chake. Kwa mtu ambaye safari zake ni Mombasa, Mtwapa na Kilifi, gari hili ni mzigo: lala mafuta, ni refu na jepesi kupinduka mtu akikata kona kwa pupa, na Defender za zamani hazina hata ule mfuko wa hewa wa kumwokoa dereva. Lakini sikubali wale wasemao kwamba ni ujinga kwa kila mtu. Anayesema hivyo hajabebewa mama yake kitandani usiku wa mvua.

Nimewaandikia wenzangu watatu wenye mashamba kando ya njia ile ile ya udongo. Nimewapa shauri tununue moja kwa shirika, pikapu ya Land Cruiser ya injini kubwa isiyo na turbo wala ujanja wa umeme, ambayo fundi wa Witu aweza kuifungua chini ya mwembe, na likae huko huko kwa dada badala ya kukaa Mombasa kwangu, maana gari lililoko Mombasa halimfai mgonjwa aliyeko Witu. Nayajua ya shirika. Watu watagombana nani alilirudisha na tangi tupu. Wawili wamekubali, wa tatu ataka kwanza kujua ufunguo utakaa kwa nani, na swali lake ni la haki. Kwa mpango huu fungu la Hija litatoka robo tu, nasi tutachelewa mwaka mmoja au miwili, Mungu akitupa uhai.

Nilipomweleza mke wangu haya aliuliza neno moja tu, kwamba zitabaki ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza, kisha akasema nisisahau kuchukua gunia, kwa sababu Jumamosi fundi anakwenda Malindi kuangalia moja, na safari hii nimeapa kulala chini mimi mwenyewe.