Mbegu ya Mkarafuu Haingoji



Safari hii katibu wenu hataandika juu ya ada zilizochelewa wala juu ya majamvi ya kuanikia, ijapokuwa yote mawili yana haja ya kuandikwa. Nataka kusema juu ya mbegu na mashimo. Kaskazi inaelekea kwisha, jua ni kali, maji ya visima yameshuka, na katika kila baraza mazungumzo ni ya masika. Wiki iliyopita nilizunguka kwa miguu katika mashamba ya baadhi yetu. Mapengo nimeyaona mengi, pahala pa mikarafuu iliyokufa kwa uzee au iliyong'olewa na upepo. Mashimo nimeyaona machache mno. Nikiuliza, jibu lilikuwa moja kila nilikopita: tunangoja mvua, kisha tutaletewa miche.

Maneno hayo mawili, kungoja na kuletewa, ndiyo ninayotaka kuyapinga hapa, na atakayeona nimekosea anijibu katika toleo lijalo, nafasi ipo.

Sisemi kwamba miche inayogawiwa bure na Serikali si kitu. Ni neema, na wengi wetu tuna mikarafuu inayozaa leo iliyotokana na miche hiyo. Lakini mche wa kugawiwa haukujui wewe wala shamba lako. Hufika siku gari ilipopatikana, si siku ardhi yako ilipolowa. Mwaka mmoja nilipokea miche 40 kutoka kitalu kimoja ambacho sina haja ya kukitaja. Ilikuwa mirefu, majani yanang'ara, nikafurahi nayo. Nilipokata viriba nikakuta mizizi imejizungusha chini kama kamba ndani ya ndoo, kwa kuwa miche ilikwisha kaa kitaluni kupita muda wake. Mvua zenyewe zilikuwa zimebaki siku chache. Nilipanda yote, kwa kuwa sikuwa na mingine. Kaskazi iliyofuata nilihesabu sita. Kosa la nani? Sehemu ni la kitalu, na sehemu kubwa ni langu, maana ningekuwa na miche yangu nyuma ya nyumba nisingelikuwa na haja ya kupokea mizizi ya namna ile.

Basi na tuseme juu ya mbegu yenyewe. Mkarafuu si mpunga wala kunde, ukasema utatia mbegu katika chombo, ukaweka darini, ukangoja mvua. Mbegu ya karafuu huishi kwa unyevu wake. Ikikauka imekufa, na tangu tunda kuanguka una siku chache tu za kuiwahi. Hili mimi nimejifunza kwa aibu. Nilipokuwa ndiyo kwanza nimemaliza skuli, nikijiona najua kuliko baba yangu, niliokota matunda mia na zaidi chini ya mikarafuu yetu, nikayamenya, nikayaanika juani siku nne kama tulivyofundishwa kuhifadhi mbegu za maharage, kisha nikayatia koponi. Masika yaliponyesha nilitengeneza tuta zuri kabisa, nikapanda kwa kamba. Haikuota hata moja. Baba alikuja akasimama juu ya tuta, akasema, "Mwanangu, wewe hukuweka mbegu, umeanika karafuu." Maneno hayo nayasikia mpaka leo kila nikishika mbegu.

Njia iliyo sawa ni hii. Lile tumba la karafuu ambalo halikuchumwa hufunguka likawa ua, na baada ya miezi michache huwa tunda lenye umbo la yai refu, rangi yake zambarau iliyokoza. Likishaiva huanguka lenyewe. Hilo ndilo la kuokota, nalo liokotwe kila siku, si kungoja rundo lijae. Lirowekwe usiku mmoja katika maji, asubuhi nyama yake itolewe kwa kusugua mkononi, na mbegu ipandwe siku ile ile. Wako wanaopanda tunda zima na nyama yake. Huota pia, lakini huchelewa, na wadudu hupata karamu. Udongo uwe wa juu, mwepesi, uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza. Mbegu ilazwe karibu na uso wa udongo na kufunikwa kidogo tu. Anayeizika kwa kina cha kidole ataingoja sana. Juu yake pajengwe kichanja cha makuti, kimo cha mtu kuinama, ili jua lisifike moja kwa moja. Asubuhi na jioni maji. Zilizo na haraka hutokeza wiki ya pili au ya tatu, na zilizo nzito hata wiki ya sita, kwa hiyo asifukue mtu kutazama.

Hapo nataka kusema neno moja ambalo wanaume hatulisemi. Kitalu cha nyumbani hakimwagiliwi na mwenye shamba. Humwagiliwa na mke wake na watoto, kwa maji waliyoyateka wenyewe, na katika mwezi huu kisima hakina maji ya kuchezea. Mwenye kuhesabu miche yake na ahesabu pia ndoo hizo, na miche ikiuzwa wenye ndoo wapate chao. Nyumbani kwangu desturi hii nimeianza mwaka wa juzi, na tangu hapo sijasikia tena kwamba kitalu kimesahauliwa.

Sasa wapi itapatikana mbegu? Hapa ndipo penye mgogoro, nami sitaupita pembeni. Kila tumba lililoachwa likawa tunda ni karafuu iliyokosa kufika mizanini. Mwenye shamba hupenda mti uchumwe mpaka kileleni, na mchumaji anayelipwa kwa pishi hana sababu ya kubakisha. Anayekodi shamba kwa msimu ndiye mwenye sababu chache zaidi kuliko wote. Amelipa fedha, ana msimu mmoja, mwakani huenda akakodi kwingine. Ataleta ngoe na ngazi, atavuta matawi, mengine yatavunjika, na akiondoka hapana tunda hata moja litakaloanguka kuwa mbegu. Simlaumu sana, kwani hivyo ndivyo tulivyoandikiana naye. Nawalaumu wenye mashamba wanaokodisha miti mizuri kuliko yote bila ya kutoa sharti lolote, kisha wakalalamika kwamba mbegu nzuri hazipatikani siku hizi.

Rai yangu ni kwamba kila mwanachama achague miti miwili au mitatu, ile yenye afya na inayozaa vyema bila ya kuruka misimu mingi, na katika kila mti aache matawi mawili ya upande wa chini yasiguswe. Ni khasara ya pishi chache. Ayafunge kitambaa chekundu ili wachumaji wayajue. Na anayekodisha aandike sharti hilo katika karatasi ya makubaliano kabla ya kupokea fedha, si baadaye. Mkodishaji mmoja ameniambia kuwa wakodi watapunguza bei kwa ajili ya matawi mawili. Huenda. Nami namwuliza kama amewahi kupunguziwa bei kwa ajili ya matawi yaliyovunjwa, ambayo ni mengi kuliko mawili.

Tuje kwenye mashimo, kazi ya siku hizi. Mbegu tunayopanda sasa haitakuwa mche wa kupandwa masika haya. Itataka mwaka mzima au zaidi kitaluni. Lakini miche ya mwaka jana iko tayari, na shimo la kuipokea lichimbwe sasa hivi, ardhi ikiwa kavu, ijapokuwa jembe linaruka na mtaimbo unatoa cheche. Futi mbili kila upande na futi mbili kwenda chini. Udongo wa juu uwekwe upande wake na wa chini upande wake. Shimo liachwe wazi lipigwe na jua kiasi cha wiki mbili tatu, kisha lijazwe kwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, ukiinuka kidogo juu ya usawa wa ardhi, maana mvua zitaushindilia. Anayechimba siku ya kupanda hupata shimo la kiganja, na mzizi ukifika kwenye ukuta mgumu husimama. Mche wa namna hiyo huishi miaka mitatu haukui wala haufi, na mwenyewe husema amerogwa.

Majani makavu na vipande vya miti visitiwe shimoni, kwani huko ni kuwaita mchwa, na mchwa wameua mikarafuu michanga mingi.

Na mche usitolewe kivulini moja kwa moja kupelekwa kwenye jua. Kuanzia sasa makuti ya kichanja yapunguzwe moja moja, kila wiki kidogo, ili majani yazoee. Siku ya kupanda iwe baada ya mvua kushika, si mvua ya kwanza ambayo mara nyingi ni ya kudanganya. Kiriba kikatwe na kuondolewa bila ya kuvunja bonge la udongo, kwa kuwa mizizi ya mkarafuu haipendi kusumbuliwa. Hata baada ya hapo mche utataka kivuli miaka yake ya mwanzo. Wengi hutegemea mihogo. Mimi naona mgomba ni bora, kwa sababu mhogo hung'olewa, na anayeung'oa akiwa na njaa hakumbuki kama pembeni yake pana mzizi wa mtu mwingine. Lakini najua kuwa mgomba haushibishi nyumba kama mhogo, na katika hili kila mtu atazame tumbo lake.

Kwa wapendao hesabu: mashamba ya zamani yalipandwa kwa nafasi ya futi 30 kwa 30, ambayo kwa eka moja ni mikarafuu 48, na kwa eka tatu ni kama 145. Mwenye eka tatu aliyebaki na mikarafuu 90 basi ana mapengo 55. Akichimba matatu kila jioni baada ya alasiri, atamaliza katika siku 19. Hesabu hii nimeifanya kwa makusudi, kwa sababu neno "sina wakati" nimelisikia sana.

Tusisahau kuwa kisiwa hiki kimepata daraja yake kwa ajili ya wenye miche. Dhoruba ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa sana ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo karafuu nyingi zikawa zinatoka huku. Mikarafuu ile ilipandwa na mikono ya watumwa, haifai kulificha hilo tunapojisifia mashamba ya wazee. Leo mikono ni yetu wenyewe, na ajabu ni kwamba twachimba mashimo machache kuliko wao.

Iko sababu moja ya kutopanda ambayo naiheshimu. Miongoni mwetu wako wanaolima eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na mrithi hana hakika kama mti atakaoupanda utakuwa wa mwanawe. Wako pia ndugu saba wenye shamba moja la urithi, na kila mmoja anangoja mwingine apande. Mkarafuu huanza kuzaa mwaka wa sita hadi wa nane, na hapana mtu atakayepanda kitu cha miaka minane katika ardhi yenye ugomvi wa mwaka huu. Jambo hili halitatuliwi kwa jembe. Ndugu waandikiane, mbele ya sheha na mashahidi, kwamba aliyepanda mti ndiye mwenye mavuno yake ya miaka kadhaa, kisha urudi katika urithi. Nimeona nyumba mbili zilizofanya hivyo, na mapengo yao yamejaa.

Sababu nyingine niliyopewa siikubali, ingawa aliyenipa nambusu mkono kila Ijumaa. Maalim wangu wa chuoni ameniambia kuwa yeye sasa amekula chumvi nyingi, na mkarafuu wa leo hatauchuma. Sikumsomea hadithi ya mche, kwa kuwa yeye ndiye aliyenisomesha. Nilimwuliza tu ile mikarafuu mitano ya nyuma ya msikiti aliipanda nani. Akanyamaza, kisha akasema, "Lete miche sita, lakini mashimo utanichimbia wewe." Nimechimba manne. Mawili ni Jumatatu, inshallah.

Katika mkutano mkuu nitaleta pendekezo la sharti la matawi mawili, liandikwe katika mfano wa karatasi ya kukodishia ambao chama kitampa kila mwanachama. Nawaomba wenye kupinga waje nao wapinge hapo, si barabarani baada ya mkutano. Kitaluni kwangu imebaki miche kiasi cha 60 ambayo sina pahala pa kuipanda. Mwanachama atakayenionyesha mashimo yaliyokwisha chimbwa atapewa kwa idadi ya mashimo yake, wala hapana malipo ila viriba vitupu virudi. Aje asubuhi kabla ya saa mbili, kwani baada ya hapo mimi huwa ofisini na daftari la ada.