JE, TUWAAMINI WATABIRI WA KALE?

Katika mijadala yote ya Chama chetu cha Kiswahili, uliowasha moto zaidi ulikuwa huu: je, watabiri wa kale waliyaona kweli mambo ya mbeleni, au ni sisi tuliowatia maneno kinywani baada ya mambo kutokea? Kengele ililia kabla sijapewa nafasi ya kusema. Leo nimeipata, na wale wa upande wa kuunga mkono wanisamehe.

Mimi ni mzaliwa wa Ukambani, na huko hakuna mtoto asiyejua habari za Syokimau. Nyanya yangu husimulia kwamba mama huyo aliona nyoka mrefu wa chuma akitambaa toka bahari hii hadi ile, na watu wanaosema kama ndege, ngozi yao inaonyesha nyama, nao wamebeba moto mfukoni. Haya basi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Moto wa mfukoni ni kibiriti. Hata ile stesheni iliyofunguliwa mwaka wa 2012 karibu na Nairobi ilipewa jina lake, Syokimau. Ukimsikiliza nyanya jioni, karibu na moto, huwezi kubisha.

Isitoshe, Wakikuyu nao wana Mugo wa Kibiru, na Wanandi wana Kimnyole, ambaye watu wake wenyewe walimwua mnamo mwaka wa 1890 wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Hao wote inasemekana walimtaja nyoka yule yule wa chuma. Ndugu zetu wa upande wa pili walipiga meza wakasema, "Huo ndio ushahidi! Watabiri watatu, nyoka mmoja!"

Hapo ndipo mimi naingiwa na shaka. Hebu tujiulize, maneno haya yaliandikwa lini? Utabiri wa Mugo tunaujua sana kupitia kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya, kilichochapishwa mwaka wa 1938. Wakati huo gari la moshi lilikuwa limepita Nairobi kwa karibu miaka arobaini. Sisemi wazee walidanganya. Nasema habari inayopita midomoni mwa watu kwa miaka arobaini hunyooka yenyewe. Sehemu isiyotimia husahauliwa, na ile iliyotimia huongezwa chumvi. Hata sisi hapa shuleni, mchezo wa kandanda wa Ijumaa ukifika Jumatatu, bao moja limekuwa matatu!

Tena Wakamba wa karne ya 19 hawakuwa watu wa kukaa tu nyumbani. Walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe za ndovu, wakienda pwani na kurudi. Kule pwani kulikuwa na majahazi ya kutoka Bara Hindi, na huko Bara Hindi gari la moshi lilianza kusafirisha abiria mwaka wa 1853. Kwa hivyo inawezekana kabisa kwamba habari za gari la chuma zilifika vijijini kabla ya reli yenyewe. Kama ni hivyo, basi Syokimau alikuwa na masikio makali, na hilo si jambo la kudharau.

Hata Mugo simdharau. Kenyatta anaeleza kwamba aliwaonya watu wasiwakabili wageni kwa mikuki na mishale, kwa kuwa wangeangamizwa. Wakae nao kwa wema lakini kwa hadhari. Ushauri huo unaweza kuupima kwa akili yako, hata kama huamini ndoto. Lakini utabiri unaomwambia mtu afunge macho, huo ni hatari kubwa. Kule Tanganyika, mwaka wa 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji akisema yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Yeye alinyongwa Agosti mwaka huo huo, na vita vya Maji Maji viliendelea hadi 1907. Wengi sana walikufa, na njaa iliua zaidi kuliko risasi. Huko Afrika Kusini, mwaka wa 1856, msichana Mxhosa aitwaye Nongqawuse alisema mizimu itafufuka na kuleta ng'ombe wapya iwapo watu watachinja ng'ombe wao wote na kuharibu nafaka. Wakachinja. Inakadiriwa ng'ombe laki nne waliangamia, na watu wapatao 40,000 wakafa njaa. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi na mitano. Mwenzetu wa kidato cha pili, hivyo!

Mtaniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi? Yananihusu mimi. Baada ya ukame ule wa 2020 hadi 2022, mtu mmoja wa upande wetu alitangaza kwamba mvua za vuli za 2023 pia hazingenyesha, eti ameonyeshwa usiku. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imesema kinyume, kwamba mvua ingezidi kawaida. Nilipomweleza nyanya, alinijibu, "Mjukuu wangu, Syokimau alisema kweli na hakuwa na redio." Akampelekea yule bwana kuku, na mbegu zikabaki kwenye debe.

Mvua ikaja, si mchezo! Barabara zilikatika. Majirani walivuna mahindi na ndengu, na sisi Januari tukawa tunanunua unga kwa gorogoro. Pesa zangu za chakula cha mchana shuleni ziliishia hapo, nami nikakaa nyumbani wiki mbili nikiwa kidato cha kwanza. Kumbe yule bwana, shamba lake mwenyewe lilikuwa limepandwa mapema kabisa!

Nyanya hakukasirika kama mimi. Alinyamaza siku kadhaa, kisha akasema, "Lakini Syokimau hakuomba mtu kuku." Bado anamwamini Syokimau wake, na mimi sijaribu kumtoa huko. Ila siku hizi msimu ukikaribia huniita nimsomee utabiri wa hali ya hewa, na huuliza maswali magumu kuliko ya mwalimu wa jiografia: wamejuaje, na mwaka jana walikosea wapi?

Sasa nawapa changamoto wenzangu wa upande wa kuunga mkono. Muhula ujao nileteeni utabiri mmoja tu ulioandikwa kabla ya jambo lenyewe kutokea, tarehe ikionekana wazi. Nikishindwa, chai na mandazi kantini ni juu yangu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu