Wahandisi na Daftari la Taifa

Kila mwaka vyuo vya nchi hii hutunuku shahada kwa vijana waliosomea uhandisi. Majina husomwa, picha hupigwa, wazazi hushangilia, na kesho yake kila mmoja hushika njia yake. Baada ya hapo habari zao husikika kwa bahati tu, harusini, msibani, na katika mikutano ya waliosoma pamoja. Huyu yuko halmashauri mkoani Rukwa. Yule anauza vipuri Kariakoo. Mwingine amekwenda Botswana. Mwingine anafundisha hesabu katika shule ya binafsi huku akingoja ajira. Na mwingine hajulikani alipo. Habari hizo huzungumzwa kana kwamba ni mambo ya nyumbani kwa watu. Kwa hakika ni mambo ya Taifa zima.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mhandisi ni mali iliyogharimiwa na wengi: mwalimu wa fizikia aliyemfundisha jioni bila malipo, mzazi aliyeuza mazao, na mlipa kodi ambaye fedha zake ndizo zinazotolewa mikopo ya elimu ya juu. Gari la Serikali lina kitabu chake cha safari, na dereva hutakiwa kuandika alikotoka, alikokwenda na mafuta aliyotumia. Mhandisi aliyesomeshwa miaka minne chuoni, baada ya miaka mingi ya shule, hana kitabu cha namna hiyo. Akishatoka langoni mwa chuo, safari yake haiandikwi na yeyote.

Zamani swali la mhandisi yuko wapi lilikuwa na jibu jepesi. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya mwaka 1963 na 1970, kijana wa Tanzania aliyetaka kusomea uhandisi katika chuo hicho alikwenda Nairobi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na wahitimu wake wa kwanza walitoka mwaka 1977. Walikuwa wachache, na Serikali ndiyo iliyowapangia kazi katika wizara, reli, umeme, maji na viwanda vya mashirika ya umma. Aliyetaka kujua mhandisi fulani yuko wapi alifungua jalada.

Jalada hilo halipo tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali iliacha kumhakikishia kila mhitimu ajira, na mashirika mengi ya umma yakauzwa au yakafungwa. Karakana ambamo mhandisi kijana alijifunza kwa fundi mzee zikatoweka pamoja na viwanda hivyo. Wakati huohuo vyuo vimeongezeka, na idadi ya wahitimu imekua. Hakuna ubaya wowote katika ongezeko hilo. Ubaya ni kwamba njia ya zamani ya kujua walipo wahitimu imekufa, na nyingine ya kushika nafasi yake haijaimarishwa.

Hasara ya jambo hili si ya kinadharia. Tazama miradi mikubwa ya miaka ya karibuni. Treni za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Katika Mto Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya kuzalisha jumla ya megawati 2,115. Wakandarasi walioanzisha kazi hizo walitoka Uturuki na Misri, lakini vijana wengi wa Kitanzania walifanya kazi chini yao na kujifunza mambo ambayo hakuna darasa lingeweza kuwafundisha. Mkandarasi akimaliza kazi hufunga mizigo akaondoka. Je, kijana aliyejifunza kwake huenda wapi? Akikaa nyumbani miaka mitatu, ujuzi ule hufifia. Siku mtambo utakapoharibika, mtaalamu ataitwa kutoka ng'ambo na kulipwa fedha za kigeni, kumbe anayeweza kuutengeneza anaishi mtaa wa pili na hakuna ofisi inayomjua.

Wapo watakaosema kwamba daftari lipo tayari, kwani Bodi ya Usajili wa Wahandisi inayo orodha yake. Ni kweli, na kazi ya Bodi inastahili sifa. Lakini orodha ya Bodi ni ya waliojisajili. Mhitimu hutakiwa kufanya kazi chini ya mhandisi mwenye uzoefu kwa muda wa miaka mitatu hivi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Hapo ndipo wengi hukwama. Waajiri hutaka mtu mwenye uzoefu, na uzoefu haupatikani bila mwajiri. Mwaka 2003 Bodi ilianzisha mpango maalumu wa kuwaweka wahitimu katika mafunzo hayo ya kazini, na mpango huo umewafaa wengi. Hata hivyo, hauwezi kumfaa kijana ambaye hakuna ajuaye kwamba anasubiri.

Nao watumishi wa umma wanaowapokea vijana hawa wajiulize kama wanatimiza wajibu wao. Mhandisi mhitimu aliyepelekwa wilayani ili ajifunze kusimamia ujenzi wa mradi wa maji hatajifunza lolote akigeuzwa kuwa mpeleka majalada. Akipewa nafasi ya kwenda kwenye mtaro, kupima bomba, kubishana na mkandarasi kuhusu saruji pungufu na kuandika taarifa yake mwenyewe, atakuwa mhandisi. Akinyimwa, miaka mitatu itapita, cheti kitapigwa muhuri, na wananchi watapata daraja lenye nyufa.

Wahandisi wanawake wanahitaji kufuatiliwa kwa uangalifu zaidi. Msichana hushinda vikwazo vingi hadi kupata shahada ya uhandisi, kisha miaka ile ya kujifunza kazi humkuta katika umri wa kuolewa na kuzaa. Akitoka kazini kwa ajili ya uzazi, mara nyingi hakuna anayemwuliza atarudi lini. Jina lake hubaki katika hesabu ya waliohitimu, na watu husherehekea hesabu hiyo bila kujua ni wangapi bado wamo kazini.

Wengine watasema wahitimu wenyewe hawapendi kujibu barua za vyuo. Lakini barua hizo huwafikia lini? Mara nyingi hufika pale chuo kinapotaka mchango wa jengo. Aliyefanikiwa huona anadaiwa, na asiye na kazi huona anaaibishwa. Dawa yake ni kubadili swali. Mhitimu asiulizwe ana cheo gani wala amejenga nyumba ya vyumba vingapi. Aulizwe ni somo gani la chuoni alilolitumia, ni lipi alilohitaji akalikosa, ni mtambo gani umemshinda kuutengeneza na kwa nini. Anayeuza vipuri Kariakoo anaweza kueleza kuliko profesa ni pampu zipi zinazokufa haraka vijijini. Yeye si mhandisi aliyepotea. Ni shahidi ambaye hajaitwa.

Majibu ya namna hiyo yatawafaa walimu kwanza. Mwalimu wa sekondari anayewahimiza wanafunzi wachague masomo ya sayansi ana haki ya kujua waliomtii miaka kumi iliyopita wamefika wapi, ili asiwauzie wadogo zao ndoto. Mhadhiri naye atajua lipi la kupunguza na lipi la kuongeza. Na ofisa anayepanga bajeti ya mkoa ataweza kumtafuta mtaalamu nyumbani kabla ya kuandika barua ng'ambo.

Kazi yenyewe haihitaji jengo jipya wala idara mpya. Kila chuo kiwe na ofisa mmoja mwenye dhamana ya kuwaandikia wahitimu wake katika mwaka wa kwanza, wa tatu na wa saba. Vyuo na Bodi vilinganishe madaftari yao kila mwaka. Kila mradi mkubwa unapokwisha, Serikali ibaki na majina ya wahandisi wa Kitanzania walioufanyia kazi, pamoja na maelezo ya walichojifunza.

Barabara ya juu iliyofunguliwa katika makutano ya TAZARA jijini Dar es Salaam mwaka 2018 ilipewa jina la Mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Wakala wa Barabara na ambaye alifariki dunia mwaka 2021. Hiyo ni heshima inayostahili. Si kila mhandisi atapewa barabara, wala hapana haja. Lakini kila mmoja aliyesomeshwa kwa jasho la wananchi anastahili angalau mstari mmoja katika daftari, na Taifa lililomsomesha linastahili kuusoma.