Ini halioshwi kwa mizizi
SAUTI YA RUZIZI
Na Bahati Mulindwa

Baba yangu mdogo aliacha kanyanga, pombe yetu kali ya kienyeji, msimu wa kuvuna mpunga. Kijiji chetu, Lubarika, kilimpongeza, kanisani walimwombea, na mke wake akaanza kucheka tena. Wiki ya sita tumbo likavimba, macho yakawa manjano, na kabla jua halijazama hukumu ilikuwa imeshatoka: "Amepewa karuho," yaani amelishwa sumu. Waliokuwa wakinywa naye ndio walioshukiwa, eti amewakera kwa kuwaacha. Akaletewa mizizi ya kutapisha, anywe asubuhi na jioni, sumu itoke.

Nilikuwepo, nami nilinyamaza. Ndiyo maana naandika leo.

Sumu ile alikuwa ameinywa mwenyewe kwa miaka mingi. Ini ni kiungo kivumilivu mno. Linapojaa mafuta kwa sababu ya pombe, halipigi kelele. Linapowaka uvimbe ndani, mtu huhisi uchovu tu na kukosa hamu ya bugali. Likianza kuwa na makovu, bado anaweza kwenda shambani. Siku tumbo linapojaa maji na miguu kuvimba, uharibifu ulishaanza miaka mingi nyuma. Huku kwetu tunahesabu kinyume: tunaona mtu ameacha, kisha akaugua, tunasema kuacha ndiko kulikomwua, afadhali angeendelea kidogo kidogo. Nimesikia maneno haya matangani zaidi ya mara moja, na yamerudisha watu kwenye kikombe.

Ukweli ni mzuri kuliko tunavyodhani. Ini lenye mafuta peke yake, mtu akiacha kabisa, mara nyingi hupata nafuu ndani ya wiki 2 hadi 6. Makovu hayafutiki kirahisi, lakini hata mwenye makovu akiacha huishi muda mrefu kuliko anayeendelea. Dawa yake kubwa ni kutokuongezewa mzigo.

Hapo ndipo mizizi inapoharibu. Kila unachomeza, kiwe cha porini au cha duka la dawa, kinapita kwenye ini lile lile. Hakuna mmea unaoliosha kama sufuria, na baadhi ya mimea huliumiza zaidi. Vidonge navyo vina hesabu yake. Parasetamoli, ambayo kila nyumba inayo, ini lililochoka kwa pombe haliwezi kuibeba kwa kiasi cha watu wengine. Waganga wengi wa hospitali hushauri mtu huyo asipite gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, na aulize kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni ni mbaya zaidi kwa mwenye makovu, kwa kuwa zinaweza kumtoa damu tumboni na kuharibu figo.

Tena tumbo lililovimba halina baba mmoja. Tunakanyaga maji ya mashamba ya mpunga kila mwaka, na kichocho cha tumbo kikikaa bila kutibiwa hutia makovu kwenye mishipa ya ini, hata mtu atapike damu, na hajawahi kuonja pombe. Kuna homa ya ini aina ya B, inayopita kwa damu, kwa ngono, na kwa mama kumpa mtoto anapozaliwa. Watoto wetu hupata chanjo yake kuanzia wiki ya 6. Wengi wa sisi wakubwa hatukuipata. Kuna pia mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu huo na 125 wakafa. Ini lililoanza kupona pombe halistahili kulishwa unga wa magunia yaliyolowa.

Kwa hiyo aliyeacha apimwe: damu yake, homa ya ini B, kichocho. Ale maharage na ndagala, asiachwe na uji mtupu. Tumbo likiwa na maji, chumvi ipunguzwe. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito, choo kikiwa cheusi kama lami, au akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na jambo moja ninaloliogopa kuliko yote: familia zinazomfungia mlevi ndani ili aache kwa nguvu. Aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikatiziwa ghafla, anaweza kutetemeka, kuanguka kifafa, kuona vitu visivyopo, na kufa ndani ya siku chache za mwanzo. Aende kwa muganga wa hospitali kwanza. Bukavu kuna SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mabruda wa Upendo. Ni mbali, najua, na nauli ni nzito. Ndiyo sababu kituo cha afya cha karibu kianze kuulizwa habari hizi.

Siwalaumu akina mama wanaopika kanyanga. Wengi wanalipia watoto shule kwa pipa la pombe hiyo, na mihogo ikiuzwa mibichi badala ya kupikwa pombe haina bei.

Baba mdogo alipona kiasi. Hospitali ilimtoa maji tumboni, na ile mizizi mke wake akaitupa mwenyewe mtoni. Jumamosi hii kuna mahari kwa jirani, naye amealikwa. Nimeshapita kwa mwenye nyumba kuomba mezani pake pawekwe chai ya maziwa, na asitokee mtu wa kumwambia, "Kidogo tu, muzee, ni sikukuu."