Sikatai Kusaidia, Nakataa Kubeba Ufunguo

Wadau wa nyumbani, huku Deira leo nina donge na nalitoa hapahapa.

Nasikia Tanga maneno yanazunguka: eti Dubai imenipanda kichwani. Kosa langu? Nimemkatalia binamu yangu mwenye duka la steshenari. Alitaka niweke programu ya kuendesha kompyuta zake sita kutoka mbali. Mimi nipange kazi mara moja nikiwa huku, kisha kila usiku zijifanye zenyewe: kunakili mafaili, kusasisha Windows, kufuta takataka, kuzima. Na nywila iwe moja kwa zote, "tusisumbuane".

Jamani, kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Naijua, ndiyo maana nimekataa!

Programu hizi zina kijumbe kinachokaa ndani ya kila kompyuta kikisubiri amri. Kijumbe hicho hupewa madaraka ya juu kabisa, la sivyo hakiwezi kuweka wala kufuta kitu. Ikija amri yenye ufunguo sahihi, kinatii tu, awe ametuma bwana au mwizi.

Mnadhani natia chumvi? Tarehe 2 Julai 2021 wahalifu walipenya kwenye Kaseya VSA, programu ya aina hiihii. Hawakuhangaika na kompyuta mojamoja. Walitoa amri, na programu yenyewe ikawasambazia kirusi cha kufunga mafaili na kudai fedha. Kampuni yenyewe ilikadiria kuwa biashara kati ya 800 na 1,500 ziliathirika. Kule Sweden maduka ya Coop karibu 800 yalifungwa kwa kuwa mashine za malipo ziligoma. Na mlango haukuwa wao, ulikuwa wa mkandarasi wao. Sasa mkandarasi wa binamu si ndiye mimi?

Hata bila mwizi, mashine haina akili. Januari 2022 mapumziko ya wiki huku yalihama kutoka Ijumaa na Jumamosi kwenda Jumamosi na Jumapili. Ofisi yetu ikafuata, mimi nikasahau kubadili ratiba. Ijumaa saa tatu asubuhi kompyuta zote zikazima watu wakiwa katikati ya ankara! Kosa langu, na nilikuwa jengo lilelile. Je, zingekuwa Tanga?

Na kwenye duka lile kuna nini? Vitambulisho vyenu, vyeti vya watoto, mitihani ya shule. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Zikivuja, atakayeulizwa ni mwenye duka, si "kijana wetu wa Dubai".

Kwa hiyo binamu, masharti yangu haya. Kazi za usiku tutazipanga ndani ya Windows yenyewe, haihitaji mlango wa nje. Kila kompyuta nywila yake, nawe ndiye unazitunza. Nakala ziwe kwenye diski ya nje inayochomolewa. Ukinihitaji niingie, wewe ubonyeze kukubali, nikimaliza unafunga.

Nanyi wengine, akija mtu na programu ya bure ya "kukurahisishia kazi", msiulize inafanya nini. Ulizeni kwanza ufunguo anao nani.

Mama mkubwa, sijaringa. Asiye ndugu angekubali upesi.

Nawasilisha.