Union iko na ukuta muzuri, lakini nani atafunga magoli?

Siku hizi za maandalizi, mbele ya musimu wa 2025-2026 kuanza, hapa Kasongo maneno ni moja tu: Union iko na nguvu gani mwaka huu? Unaenda kuchajisha telefone, wanakuuliza. Unaenda sokoni kununua mawese, mama muuzaji anakuuliza kama ni kweli Kitambala amekwenda Tanzania. Unafika kwenye barza ya jirani jioni, unakuta vijana wamekwisha kupanga kumi na moja wa kwanza kwa kijiti, chini kwenye vumbi, na kila mumoja ako na kumi na moja wake.

Mimi si antrenere, wala siko katika komite ya AS Maniema Union. Mimi ni mushabiki wa kawaida wa kusini ya jimbo. Timu yangu nimeiona kwa macho mara mbili tu, siku nilizokuwa na kazi Kindu. Mara zingine zote ni radio, ao telefone ya mutu mwenye mega, tukiwa watu kumi na tano kwenye kioo kimoja. Lakini mutu anayesikiliza mechi kwa masikio anajifunza kuhesabu vizuri. Basi leo nataka tuhesabu pamoja: tuko na nini mukononi, na tumekosa nini.

Nguvu ya kwanza ni ukuta wetu wa nyuma. Hii si maneno ya mapenzi. Tarehe 26 mwezi wa 11 mwaka wa 2024, Union ilikwenda Pretoria kucheza mechi yake ya kwanza ya makundi katika Ligi ya Mabingwa, kwa Mamelodi Sundowns. Watu wengi hata hapa kwetu walikuwa wanauliza tutafungwa ngapi. Mechi ikaisha 0-0. Na Sundowns ile si timu ya mutaani: ni ile ile iliyokwenda mpaka finali ya mashindano hayo na kuangukia kwa Pyramids ya Misri. Mutu akikuambia Union haiko na walinzi, mukumbushe tu Pretoria.

Na hatukufika katika makundi kwa bahati. Tulimaliza wa pili nyuma ya TP Mazembe katika shampiona ya 2023-2024, kisha tukawatoa Petro de Luanda, watu ambao mwaka mumoja nyuma walikuwa wamecheza robo finali ya mashindano hayo hayo. Ukweli ni kwamba tulimaliza wa mwisho katika kundi lenye Sundowns, AS FAR na Raja Casablanca. Nakubali. Lakini kuna kuwa wa mwisho kwa sababu umezidiwa kabisa, na kuna kuwa wa mwisho kwa sababu ulikosa mutu wa kumalizia kazi. Sisi tulikuwa katika watu wa aina ya pili.

Nguvu ya pili ni kwamba timu imezoea shida. Mechi zetu za makundi hazikuchezwa Kindu, zilichezwa Kinshasa. Maana yake hata "nyumbani" tulikuwa wageni. Muchezaji aliyepita katika mambo hayo hashituki tena akikuta uwanja umejaa watu wanaomuzomea. Mwaka huu tunaingia Kombe la Shirikisho, na huko safari ni ndefu na viwanja ni vigumu. Muchezaji mwenye mechi sita za Ligi ya Mabingwa miguuni ni mali. Kama wengi wao wanabaki, tusiogope kundi lolote tutakalopewa.

Nguvu ya tatu, na hapa ndipo furaha na machungu vinakutana, ni jicho letu la kuona wachezaji. Maxi Nzengeli alitoka kwetu mwaka wa 2023 akaenda Yanga. Leo Dar es Salaam nzima inamujua, na tangu afike huko Yanga imechukua shampiona ya Tanzania musimu wa 2023-2024 na wa 2024-2025. Sasa ni zamu ya Jephté Kitambala kwenda Azam, muji ule ule. Timu inayotoa watu wa namna hiyo haiwezi kusemwa kwamba haijui mupira. Klabu za Tanzania hazimwagi pesa bure.

Lakini angalia vizuri wale wanaoondoka. Ni wale wanaopeleka mupira mbele, wale wanaofunga. Ukuta unabaki, mulango wa mbele unaondoka. Ndiyo maana nasema kikosi chetu cha mwaka huu ni kama nyumba nzuri ya matofali isiyo na jiko. Utalala bila mvua kukupiga, lakini utakula nini?

Kuuza muchezaji si zambi. Kijana akipata kontra nzuri inje, nani atamuzuia? Ako na wazazi, ako na wadogo wa kusomesha. Na timu pia inahitaji pesa: tiketi za ndege, hoteli, malipo. Hata TP Mazembe, yenye Vikombe vitano vya Mabingwa wa Afrika, inauza. Tofauti ni kwamba Mazembe iko na shule yake ya mupira Lubumbashi. Mumoja akitoka, nyuma kuna mwingine aliyelelewa hapo hapo, anayejua namna timu inavyocheza. Sisi, kila maandalizi yanapofika, ni kuanza kutafuta upya: huyu kutoka Kinshasa, yule kutoka Lubumbashi, na mwezi wa pili wa shampiona bado hawajajuana majina.

Na musimu huu kombe liko wazi kabisa. Aigles du Congo wamechukua shampiona ya 2024-2025 mbele ya majina makubwa yote. Kama wao waliweza, si haramu sisi kuota. Kisha kuna jambo lingine: tangu Goma na Bukavu ziingie mukononi mwa M23 katika miezi ya kwanza ya 2025, timu za kule zimekosa nyumba. Vijana wengi wa Kivu waliokimbilia upande wetu sasa wanasikiliza Union kama timu yao. Tunabeba watu wengi kuliko zamani. Ndiyo maana swali la nani atafunga magoli si la barza tu.

Sasa niwaeleze jambo moja lililonigusa. Wiki moja iliyopita alifika hapa muzee mumoja kutoka Kabambare, analeta moto yake kwa fundi. Vijana walikuwa wanabishana kuhusu mushambuliaji gani atanunuliwa. Muzee akasikiliza kwa muda murefu, kisha akauliza:

"Wadogo zangu, hao wote munaowataja, nani ametoka Kabambare?"

Tukanyamaza.

"Nani ametoka Kasongo hapa?"

Kijana mumoja akajibu, "Muzee, timu ni ya jimbo lote."

Muzee akacheka kidogo. "Jina ni la jimbo lote, ndiyo. Lakini mimi niko na wajukuu wanne wanacheza mupira kila jioni. Hakuna mutu amekuja kuwaangalia hata siku moja. Wanaokuja kuwaangalia ni wengine."

Hakuna aliyeuliza hao wengine ni nani. Kila mutu wa kusini anajua. Upande wa Salamabila na Namoya, kijana mwenye miguu mizuri na kifua kizuri ako na milango miwili iliyo wazi kila siku: shimo la zahabu, ao musitu na silaha. Shule ni ya wenye uwezo. Mulango wa mupira hauko, kwa sababu hakuna anayeufungua. Na mimi tangu utoto wangu katika viwanja vya hapa, sijaona hata mara moja mutu wa timu kubwa yoyote amesimama pembeni na karatasi na kalamu.

Nilitaka kumujibu muzee kwamba Union ni ya sisi wote, lakini nikaona ako na haki ya kuuliza. Tunaimba jina la Maniema, lakini Maniema ni Kindu, ni Kasongo, ni Kabambare, ni Kibombo, ni Pangi, ni Punia, ni Lubutu, ni Kailo. Timu ya jimbo yenye kutafuta washambuliaji mbali, na haijatafuta ndani ya nyumba yake, inafanana na mutu anayeazima chumvi kwa jirani, na kumbe ya kwake iko chini ya kitanda.

Basi ombi langu kwa wakubwa wa timu, na kwa wenye kuongoza mupira katika jimbo, ni hili: kila mwaka wakati wa maandalizi, fanyeni mashindano ya kuchagua vijana huku kusini. Wiki moja tu. Timu za Kabambare, za Samba na za Kasongo zikutane Kasongo, watu wawili ao watatu wa Union waje waangalie. Vijana watatu ao wane wakubaliwe, waende Kindu, waingie katika timu ya vijana.

Najua majibu. La kwanza ni barabara. Ni kweli, kutoka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilomita 200, na wakati wa mvua moto inazama katika matope mpaka kwenye injini. Lakini angalieni kalenda: maandalizi yanaangukia kiangazi, wakati barabara inapitika. Wenye kuuza muchele wanapita kila wiki. Kama gunia la muchele linafika Kindu, kijana mwenye viatu mukononi atafika.

La pili ni usalama. Hiyo pia ni kweli, na sitaki kumutuma mutu yeyote mahali pa hatari. Ndiyo maana nasema wakutane Kasongo, si ndani kabisa. Wazazi na wakubwa wa vijiji wanajua siku gani njia ni nzuri na siku gani si nzuri. Waulizwe.

La tatu ni pesa. Lakini bei ya kuleta muchezaji mumoja kutoka mbali, kumulipia ndege, nyumba na kontra, kisha anaondoka nyuma ya musimu mumoja, hiyo si pesa? Mashindano ya wiki moja hayawezi kula sawa na huyo mumoja.

Nisidanganye mutu: kijana atakayechaguliwa leo hatafunga magoli mwezi wa tisa. Nafasi ya Kitambala mwaka huu itajazwa na muchezaji aliye tayari, ao haitajazwa. Mushambuliaji anahitaji miaka miwili, mitatu ya mazoezi ya kweli, chakula cha kweli na daktari. Lakini kama tungeanza mwaka ule Maxi alipoondoka, leo tungekuwa na kijana wa miaka 19 anayengojea zamu yake kwenye benchi. Tusipoanza sasa, mwaka wa 2028 tutakuwa kwenye barza hii hii, tunauliza swali hili hili.

Kwa musimu huu, hii ndiyo hesabu yangu. Nyuma tuko salama. Katikati, kama wanabaki wale waliocheza Afrika, tutashika mupira mbele ya timu yoyote ya shampiona. Mbele, naona tutaumia mpaka wapya wazoeane, pengine mechi tano ao sita. Tusiwazomee haraka. Tukikusanya pointi kwa 0-0 na 1-0 katika miezi ya kwanza, nitaridhika, na tutakuwa katika nne za kwanza. Kwa kombe lenyewe, inaomba mutu mumoja wa mbele aamuke na atushangaze sote.

Muzee alipomaliza kutengeneza moto yake, alilipa, akafunga muzigo wake kwa kamba ya mupira. Mbele ya kuondoka akauliza mechi ya kwanza itakuwa lini, na radio gani itaitangaza. Tukamuambia. Akaandika kwenye karatasi ya sigara na kuiweka katika mufuko wa shati.

Hata yeye ni mushabiki. Analalamika kama mutu anayelalamikia mutoto wake mwenyewe. Union isimukose, na isiwakose wajukuu wake wanne.