Kichwa kinakuuma wapi?

Ukimwendea mganga wa jadi wa Kichina ukalalamika kichwa, atakuuliza: kinauma wapi hasa? Kwao, paji la uso ni njia ya tumbo, pembeni ni ya nyongo, kisogoni ya kibofu, utosini ya ini. Nguvu ya mwili, "qi", ikikwama njiani, kichwa kinagonga. Tiba ni sindano nyembamba, mizizi ya chuanxiong, au kubonyeza Hegu, pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Mjamzito asipaguse! Mwaka 2016 wataalamu wa Cochrane walipitia tafiti, wakaona sindano zaweza kupunguza kipandauso. Lakini kichwa kikikupasua ghafla, au kikija na homa na shingo kukakamaa, ndugu yangu, usibonyeze kitu. Kimbilia hospitali!